Mtoni hakuna benchi la akiba

Kocha akikosea kikosi, mapumziko anarekebisha. Anamtoa winga aliyepotea, anaingiza kiungo mkabaji, mechi inaendelea. Anayeshuka peke yake Mto South Nahanni, kaskazini magharibi mwa Kanada, hana sub. Mtumbwi aliousajili nyumbani ndio atakaomaliza nao safari ya siku nyingi, kwenye maji ya baridi kali na bila barabara ya kutorokea.

Ndiyo maana inashangaza jinsi wengi wanavyosajili. Wanaangalia video za jamaa wanaocheza na mawimbi kwa mitumbwi mifupi, iliyopinda kama ndizi, inayogeuka papo hapo. Tamu kutazama! Lakini huyo ni winga wa chenga, kazi yake nusu saa. Mpakie hema, nguo kavu na chakula cha siku 10 uone: anakaa chini majini, kila wimbi linaingia ndani. Yakifika maji yaliyotulia, ule upindo unageuka adhabu. Kila kafi moja, mtumbwi unataka kuzunguka.

Wengine wanakimbilia mtumbwi wa watu wawili, futi 16 au 17. Mizigo inaenea, sawa. Ila upepo ukivuma, mtu mmoja anapelekwa kama karatasi. Halafu kuna Virginia Falls, maporomoko ya takriban mita 90, karibu mara mbili ya Niagara. Pale hakuna ujanja: unabeba mizigo kwa awamu, kisha mtumbwi mabegani, peke yako. Ukirudi majini tu unapokewa na Korongo la Nne (yamehesabiwa kuanzia chini, ndiyo maana la kwanza linakuja mwisho).

Anayehitajika hapo ni kiungo: futi 14 hadi 15, wenye kina, upindo wa wastani, na kiti karibu na katikati. Umbo la Prospector, lililobebeshwa mizigo Kanada miaka nenda rudi, bado halijapata wa kulipiga benchi. Omo na tezi, nafasi isiyo na mzigo ijazwe mifuko ya hewa, maana mtumbwi uliojaa maji haugeuzwi na mtu mmoja.

Kuhusu malighafi, Kevlar ni nyepesi mabegani lakini haipendi mawe. Royalex iliyapenda, ila utengenezaji wake ulikoma mwaka 2014. Esquif wa Quebec wakaja na T-Formex kuziba pengo. Royalex za mitumba bado zinasakwa, na hapo ndipo watu wanapigwa. Zenye kingo za mbao zikaguliwe kwenye skrubu, kwa sababu plastiki husinyaa kwenye baridi, mbao haisogei, nyufa zinaanzia hapo.

Na muuzaji anayekataa mtumbwi wake ujaribiwe ziwani ukiwa na mzigo wa kilo 40, aachwe nao.