Miwani ya Mtoto na Maneno ya Watu

Yasemwa na watu wengi, tena kwa uhakika wa ajabu, kwamba mtoto mdogo hafai kuvikwa miwani. Ati miwani hulemaza macho. Ati macho yakizoea kioo husahau kazi yake. Ati miwani ni ya wazee na makarani. Nakusihi, msomaji, usiyapokee maneno haya kwa sababu tu yametoka katika vinywa vya watu wazima. Ni uwongo, na hasara yake humwangukia asiyeweza kujitetea.

Zingatia jinsi kuona kunavyojengwa. Jicho hupokea sura ya kitu, lakini ubongo ndio uonao, nao hujifunza kazi hiyo katika miaka ya kwanza ya maisha. Jicho moja likileta sura iliyofifia siku zote, ubongo hulipuuza na kulitegemea lile jingine. Tiba, ambayo mara nyingi huanza kwa miwani, hufaulu zaidi kabla mtoto hajatimiza miaka 7 hivi. Basi asemaye, "Ngoja akue kwanza," amwambia mtoto asubiri mpaka mlango ukaribie kufungwa. Tena mtoto mwenyewe halalamiki, maana hajapata kuona vinginevyo. Hudhani dunia ina ukungu kwa kila mtu.

Jaribio lililofanywa katika shule 50 za Trans Nzoia, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018, lilifunua jambo la kusikitisha. Wanafunzi walipimwa macho na walimu wao, na waliokutwa na kasoro wakaelekezwa kwenda kutibiwa. Hata pale wazazi walipopelekewa vikumbusho kwa simu, watoto 54 tu katika kila 100 ndio waliofika; kwingine walifika 22. Umaskini na umbali una sehemu yake, sikatai. Lakini maneno ya barazani nayo yana sehemu yake.

Hata miwani ikiisha kununuliwa, kazi haijaisha. Mtoto wa miaka minne huivua, mkubwa humfokea, "Vaa! Imetugharimu fedha!" na kesho yake miwani hukutwa chini ya godoro. Ni ajabu gani hiyo? Nani apendaye kitu alichovishwa kwa makofi? Wewe uliye kaka au dada yake waweza kufanya vizuri zaidi. Kwanza tazama kama yamuumiza masikioni au yateleza puani, kwa kuwa pua ya mtoto ni fupi na bapa. Ikiwa hivyo, irudishwe kwa fundi wa miwani aikunje sawasawa, wala usiikunje mwenyewe. Siku za kwanza sakafu yaweza kuonekana kama imeinuka, basi mshike mkono. Mvishe wakati wa jambo alipendalo: hadithi yenye picha, au kuhesabu kuku uani. Akiivua, mrudishie bila hasira, hata mara kumi. Mfundishe kuishika kwa mikono miwili na kuiosha kwa maji, asiifute kwa upindo wa shati lenye vumbi.

Na watoto wa jirani wakimwita "babu," usimwambie avumilie. Toka nje ukasimame naye. Kisha uwaendee wakubwa wao, kwa adabu, uwaulize watoto hao walilisikia wapi jina hilo.