Hivi taulo nalo lina haki ya kukaa kwenye kiti?

Wadau, najua kuna watakaosema huyu jamaa kaishiwa. Huku kwetu mambo kibao yako mezani, yeye anatuletea habari za Wazungu wanaogombania viti kwenye meli za kitalii! Subirini kwanza. Hii vita ya viti ukiitazama kwa mbali ni vichekesho, ukiisogelea unakuta ni habari ya nani anapata, nani anakosa, na nani anatumwa kwenda kusuluhisha ugomvi usio wake. Na huyo wa mwisho siku hizi anaweza kuwa kijana wa Mombasa.

Kwa wasiozijua hizi meli, ni hoteli zinazoelea. Chukua Icon of the Seas ya kampuni ya Royal Caribbean, iliyoanza safari zake kutoka Miami Januari 2024. Ina deki 20, mabwawa saba ya kuogelea, na ikijaa pomoni inabeba abiria kama 7,600, hapo hujahesabu wafanyakazi wapatao 2,350. Siku ambazo meli iko bandarini hakuna tatizo, watu wanashuka kutembea. Kasheshe ni siku za baharini, pale kila mtu yuko melini, jua limewaka, na kila mtu anataka kile kiti kirefu cha kujinyoosha pembeni ya maji.

Basi anachofanya mjanja ni hivi. Saa 12 asubuhi anapanda juu na mataulo manne. Anatandaza moja kwenye kila kiti, anaweka ndala huku, kitabu kule, kachupa ka mafuta ya jua kwingine. Halafu anarudi kulala! Saa tatu anakunywa chai. Saa tano anacheza karata. Saa saba ndo unamwona anatokea na familia, wanakaa dakika 40, wanaenda kula. Muda wote huo wewe unazunguka bwawa kama mtu anayetafuta nyumba ya kupanga, viti vimejaa mataulo na hakuna binadamu. Wamarekani wana jina lao kwa watu hawa, wanawaita nguruwe wa viti.

Msicheke sana. Sisi tunaorusha begi dirishani kwa daladala ili kuwahi siti, au tunaomwambia mwenzetu "nishikie hapo", mchezo huu tunaujua. Tofauti ni kwamba kwenye daladala begi lako linatangulia dakika moja, wewe unafuata nyuma unapigana viwiko mlangoni. Hakuna mtu Kariakoo atakayeheshimu begi lililokaa kwenye siti tangu alfajiri.

Waingereza kwa miaka mingi wamesema tabia hii ni ya Wajerumani. Miaka ya 1990 kulikuwa na tangazo la bia ya Carling lililojengwa juu ya utani huo, Mwingereza anarusha taulo linaruka-ruka juu ya maji mpaka kwenye kiti, Wajerumani wanabaki wameduwaa. Utani mzuri, ila kama maelezo ya tatizo mimi siununui. Kwenye meli zinazotoka Florida wengi wa abiria ni Wamarekani, na taulo la saa 12 lipo palepale. Tuache mambo ya makabila, tupige hesabu.

Tuchukulie kuna viti 100 na watu 300 wanaovitaka, kila mmoja anataka kulala juani saa mbili hivi. Jua zuri ni kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa 11 jioni, yaani saa nane. Viti 100 mara saa nane ni saa 800 za kukaa. Watu 300 mara saa mbili ni 600. Viti vinatosha na vinabaki! Lakini watu 100 wakitandika mataulo asubuhi na kuyaacha mpaka jioni, watu 200 wanakosa kabisa, huku viti vikiwa vitupu sehemu kubwa ya siku. Na kesho yake wale 200 nao wanatega saa ya kuamka mapema, si kwa ulafi, ni kwa woga wa kukosa tena. Ndo maana kumwambia abiria "kuwa na adabu" hakufiki mbali. Mwenye adabu ndiye anayelala chini.

Kuna msomi mmoja wa Kijerumani, Heinrich Popitz, alikuwa mwanasosholojia kule Freiburg, alifariki 2002. Mwaka 1968 aliandika juu ya jinsi madaraka yanavyoanza, na mfano wake wa kwanza, amini usiamini, ni viti vya melini. Anasema tufikirie meli inayozunguka mashariki ya Mediterania, bandari moja hadi nyingine. Viti vya kulalia ni kama theluthi ya idadi ya abiria. Mwanzoni hakuna shida, ukiinuka kiti ni cha mwenzako, ukiacha alama yako hakuna anayeitambua. Kisha kwenye bandari moja wanapanda abiria wapya, wanavikamata viti, na wanasema hivi ni vyetu hata tukiwa hatupo.

Sasa swali lake ni zito: wachache wanawezaje kuwashinda wengi, tena bila bunduki? Jibu lake ni kwamba wenye viti wana sababu ya kusaidiana hapohapo. Mimi nikienda kula wewe unanilindia, wewe ukienda kuogelea mimi nakulindia. Kila mmoja ana kitu cha kupoteza, kwa hiyo wanaungana bila hata kikao. Wasio na viti wameunganishwa na nini? Na kukosa tu. Kila mmoja anawinda kiti chake kimoja, na akikipata anahamia upande wa pili! Halafu inakuja hatua niipendayo kuliko zote: wenye viti wanawaazima viti baadhi ya wasio navyo ili wawe walinzi. Tayari una matabaka matatu, wenye mali, walinzi, na kapuku. Kwa viti vya kulalia tu! Nikisoma hapo huwa naweka kitabu chini naangalia dirishani kidogo, maana akili inakwenda kwingine kabisa.

Turudi melini. Makampuni hayajakaa kimya, yana sheria. Carnival kwa zaidi ya miaka kumi imekuwa na utaratibu wa stika: mhudumu akiona kiti kina vitu lakini hakina mtu, anabandika stika yenye saa, na dakika 40 zikipita bila mwenyewe kutokea, vitu vinaondolewa. Royal Caribbean wao wanasema dakika 30. Kwenye karatasi safi kabisa. Kwa kweli hiyo stika mimi naisifu, maana inaondoa ubishi wa "nimetoka sasa hivi tu". Saa inaongea.

Tatizo ni nani anabandika, na hasa nani anaondoa. Mshikaji wangu mmoja aliwahi kufanya kazi pembeni ya bwawa kwenye meli ya kampuni ambayo sitaitaja. Aliniambia asubuhi msimamizi anawapanga mstari: leo siku ya baharini, hakikisheni mataulo yasiyo na watu yanatoka. Sawa bosi. Saa nne anaondoa taulo la mama mmoja, saa tano mama yuko mapokezi anafoka kwamba miwani yake imehamishwa. Saa sita msimamizi yuleyule anamuuliza, "Kwa nini unawasumbua wageni?" Tangu siku hiyo, anasema, alikuwa anabandika stika kisha anapitia upande mwingine. Mwisho wa safari abiria wanajaza fomu ya maoni, na jina la mhudumu likiandikwa vibaya mkataba ujao unaweza kuota mbawa. Bakshishi nayo inategemea tabasamu. Nani atagombana na mtu juu ya ndala kwa hali hiyo?

Na huyo kijana amechoka. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013, unataka baharia apumzike angalau saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba. Geuza hesabu hiyo uone inaruhusu kazi kiasi gani: saa 14 kwa siku bila kuvunja sheria. Ukishatembea juani namna hiyo, ugomvi wa kiti ni kitu unachokikwepa, na mimi simlaumu hata kidogo.

Zamani walikuwa na njia nyingine. Enzi za meli kubwa za kuvuka Atlantiki, mwanzoni mwa karne ya 20, kiti cha deki hakikuwa cha bure. Ulikikodi kwa mhudumu wa deki kwa safari nzima, kikawekwa kadi yenye jina lako. Hapakuwa na vita ya mataulo kwa sababu swali "hiki cha nani" lilijibiwa na risiti. Kiti cha bure kwa kila mtu ni ahadi ya utalii wa umma wa siku hizi, na ndiyo ahadi inayovunjika kila saa 12 asubuhi.

Biashara imeshanusa hilo. Mwaka 2018 kampuni ya Kiingereza ya Thomas Cook ilianza kuwauzia wateja wa baadhi ya hoteli zake haki ya kuchagua kiti chao cha juani kabla hawajasafiri, pauni 22 kwa likizo nzima. (Thomas Cook yenyewe ilifilisika Septemba 2019, ila si kwa ajili ya viti.) Melini inafanyika kwa njia ya eneo la kulipia. Norwegian wana The Haven, wenye vyumba vya bei mbaya wanapata bwawa lao na deki yao ya jua. Kampuni hiyohiyo kwenye baadhi ya meli inauza pasi za Vibe, eneo la watu wazima, pasi chache tu ili pasijae. Nafasi inayokatwa kwa ajili ya hao inatoka wapi? Meli haipanuki ikiwa baharini. Yule wa bei ya chini anabanwa zaidi, halafu anaambiwa akichoka kubanwa kuna pasi inauzwa.

Linganisha na Ugiriki. Kiangazi cha 2023 wakazi wa kisiwa cha Paros waliandamana ufukweni wakiwa na mataulo yao, wakidai wenye mabaa wamejaza viti vya kukodisha mpaka mwenyeji hana pa kutandika. Moto ukasambaa visiwa vingine. Mwaka 2024 serikali ikaja na masharti makali, ikataja fukwe 198 ambako viti vya biashara ni marufuku, na ikaweka programu ya simu ya MyCoast ambayo raia anaripotia wanaovunja sheria. Yaani wale kapuku wa Popitz waliungana! Lakini wao wanaishi pale, walikuwa na majira mazima ya kukutana, kukasirika na kupanga. Abiria wa meli ana siku saba. Akianza kujuana na waliokosa viti, keshokutwa kila mtu yuko kwenye ndege. Mhudumu naye ana mkataba wa miezi. Anayebaki melini mwaka hadi mwaka ni kampuni peke yake.

Kwa hiyo ukiniuliza adabu ni ipi, nitakujibu haraka. Uko majini, umeenda msalani, umefuata chipsi za mtoto, taulo libaki, hakuna ubaya. Mama mwenye watoto wawili bwawani akishika viti vitatu, mwacheni. Kumshikia mtu aliyelala chumbani, hapana. Na usiondoe vitu vya mwenzio kwa mkono wako, utazua ngumi. Ukiita mtu, mwite msimamizi, usimtupe mbele yule kijana wa bakshishi.

Ila hayo ni madogo. Kinachonikera mimi ni hiki: kwenye meli nyingi taulo la bwawani ni mali ya kampuni, na usiporudisha unakatwa zaidi ya dola 20 kwenye akaunti yako ya chumba. Kila taulo linajulikana liko kwa nani. Hapo hakuna anayeona aibu kumsumbua mgeni, wala mhudumu hatumwi kubembeleza, mashine inakata tu. Taulo hilohilo likishikilia kiti saa sita, ghafla inakuwa habari ya malezi ya abiria.

Mlioko melini au mliowahi kufanya kazi hizo, Mombasa, Zanzibar, popote mlipo, tuambieni: kwenye meli yenu stika ilibandikwa kweli? Na uliyeondoa taulo, bosi alisimama upande gani?