Nilikuwa Nauguza

Ukiomba kurudi kwenye kazi uliyowahi kuifanya, swali la kwanza kwenye usaili mara nyingi halihusu ujuzi wako. Ni hili: "Hapa katikati ulikuwa wapi?" Huulizwa kwa sauti ya askari wa zamu, na mjibuji hujikuta anajitetea kabla hajashtakiwa. Nasema wazi: swali hilo halipimi kama mtu bado anaijua kazi. Linamtafuta aliyebaki nyumbani kuuguza, kisha linamtoza faini.

Nilifanya kazi miaka mitatu katika maabara ya ubora ya kiwanda kimoja cha vinywaji hapa mkoani Pwani. Mama yangu, mkazi wa Visiga, akapata kiharusi. Kaka yuko Mwanza na familia yake. Mimi sikuwa na mume wala mtoto, kwa hiyo kikao cha ukoo hakikumaliza hata nusu saa. Nikaacha kazi. Kwa miaka miwili nilimgeuza mama kitandani usiku kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Nilimpandisha bajaji hadi Barabara ya Morogoro, tukaunga daladala kwenda Tumbi kwa mazoezi ya viungo. Presha yake niliiandika kwenye daftari asubuhi na jioni. Leo anatembea kwa mkongojo na ananigombeza kama zamani.

Baada ya hapo nikajiunga na shahada ya uzamili, na sasa, nikiwa namalizia tasnifu, naomba kazi viwandani. Viwanda sivifuati mbali: eneo la Zegereni limo humohumo kwenye kata ya Visiga. Katika usaili mmoja, wanajopo walipita kwenye miaka yangu miwili ya uzamili wakiitikia kwa vichwa, wakagota kwenye ile miwili ya kuuguza. "Hili pengo tulieleweje?"

Hebu tupige hesabu. Nilipokuwa chuoni sikugusa mtambo wa kiwanda, kama ambavyo sikuugusa nilipokuwa kwa mama. Kama hofu ni mikono kusahau kazi, vipindi vyote viwili vina kasoro ileile. Lakini kimoja kinaitwa kujiendeleza, kingine pengo. Hapo ndipo ninapokataa kuamini kwamba tunazungumzia ujuzi.

Sheria nayo ina mkono wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kama ilivyotungwa, inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo na baba siku 3. Inatoa pia siku 4 za malipo mtoto wako akiugua au akifa, au ukifiwa na mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa naye. Soma tena taratibu. Mzazi akifa, unazo siku nne. Mzazi akiugua, hayumo kwenye orodha. Mama yangu hakufa, na kupona kwake ndiko kulikonigharimu ajira.

Lakini sheria hiyohiyo, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini kwa misingi kadhaa, na mmojawapo ni majukumu ya kifamilia. Kifungu hicho kinamhesabu hata mwombaji kazi kuwa mfanyakazi. Jopo linaloweka kando faili la mtu kwa sababu tu aliuguza halina haki ya kujificha nyuma ya "taratibu zetu za ndani".

Wapo washauri wa ajira wanaotuambia tuzibe nafasi hiyo: "Andika ulikuwa mshauri wa kujitegemea." Huo ni uongo, basi. Wengine wanataka tuuremba ukweli, kuuguza kugeuke "uzoefu wa kusimamia muda na rasilimali". Hawa wananikera zaidi. Sikumwogesha mama ili nipate uzoefu. Nilimwogesha kwa sababu alikuwa hawezi kujiogesha.

Kiswahili chenyewe kina neno kamili: kuuguza. Akilifanya mtu kwa mshahara, anaitwa muuguzi na CV yake inapokelewa kwa mikono miwili. Akilifanya kwa mzazi wake, anaambiwa hakuwa na kazi.

Najua mtakachosema: mwajiri ana haki ya kujua kama bado naijua kazi. Anayo. Basi anipe sampuli, vipimo na saa moja. Kama mashine zimebadilika, anielekeze wiki ya kwanza kama anavyomwelekeza kila mgeni. Jibu analolitaka lipo kwenye meza ya maabara, halipo kwenye kitanda cha mama.

Kwa hiyo sizibi chochote. Kwenye CV yangu, kati ya kiwanda na chuo, kuna mstari mmoja: "Nilikuwa namuuguza mama, Visiga." Mwaka wa kuanza, mwaka wa kumaliza, nukta. Nikiulizwa nitausoma kama ulivyo, kisha nitaomba tuendelee na maswali ya kazi.

Na wewe unayesoma, miaka si mingi utakaa upande wa pili wa meza, na mbele yako atakaa binti au kijana mwenye mstari kama huo. Usimuulize alikuwa wapi; ameshakuandikia. Mwambie akuonyeshe anachokiweza.