KOILI YANGU, MELI YA MJOMBA NA MLANGO WA BWENI



Najua wengi wenu mtalifungua jarida hili moja kwa moja kwenye ukurasa wa vichekesho. Hamna neno. Lakini mkimaliza kucheka nipeni dakika chache, maana nina jambo ambalo limenikaa kooni tangu muhula wa pili.

Nyuma ya mlango wa bweni letu pamebandikwa karatasi ya kanuni. Mojawapo, ambayo nusu yake imefutika kwa mikono yetu michafu, yasema hivi: mwanafunzi haruhusiwi kuleta bwenini chombo chochote cha stima. Basi. Haisemi kwa nini. Haisemi pia yule mwenye shati lililokunjamana aende wapi, wala mwenye kifua kinachobana baridi ya Julai aoge kwa nini kama si barafu. Kwa hivyo sisi tuliisoma kanuni ile kama watoto wanavyosoma kibao cha "Usikanyage nyasi".

Mimi nilikuwa na koili. Kwa asiyeijua (sidhani yupo), koili ni kile chuma kilichopindwapindwa kama mkia wa nguruwe, unakitumbukiza ndooni na baada ya muda maji yanachemka. Niliificha ndani ya soksi, soksi ndani ya kiatu, kiatu ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli. Bwenini kwetu hamna soketi hata moja, lakini akili ya mwanafunzi ni kama maji, haikosi pa kupitia. Tulivuta waya kutoka kwenye holda ya taa. Fyuzi ilipokuwa ikikatika, "fundi" wetu mmoja wa Kidato cha Nne aliitoa ile nyaya nyembamba ya fyuzi akaweka kipande cha waya mnene. Tangu siku hiyo haikukatika tena, na sote tukamsifu kuwa ni injinia wa kesho.

Hebu tufanye hesabu ambayo tulifundishwa darasani na kuiacha huko huko. Stima yetu Kenya ni ya volti 240. Waya wa taa kwa kawaida hulindwa na fyuzi ya ampea 5. Zidisha, unapata wati 1,200. Koili yangu ilikuwa imeandikwa wati 1,500. Yaani hata koili moja peke yake ilikuwa imeuzidi ule waya, na kuna asubuhi tulichomeka mbili. Fyuzi ilipokuwa ikikatika haikuwa ikituchokoza. Ilikuwa ikitwambia jambo, nasi tukaiziba mdomo.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumanne, saa kumi na moja alfajiri, baridi kali. Nilichomeka koili, na kabla maji hayajapata hata uvuguvugu stima ikapotea. Kengele ikalia. Nikanawa uso kwa maji baridi, nikakimbilia masomo ya alfajiri. Ile koili niliisahau ndooni, tena ikiwa imechomekwa.

Stima ilirudi tukiwa darasani. Sisi tulishangilia kama kawaida, "Eeeeh!" Mimi mwenyewe nilipiga makofi. Kumbe nilikuwa ninaishangilia koili yangu. Maji yalichemka yakaisha, ndoo ya plastiki ikayeyuka, chuma chekundu kikaanguka kando ya godoro la jirani yangu. Aliyeuona moshi ni mama mmoja anayefagia ujia. Alikimbia akazima swichi kuu, akamwaga karai zima la maji ya kupigia deki. Godoro liliungua tundu la ukubwa wa sahani. Mkono wa yule mama ulipata malengelenge kwa kulivuta nje. Moshi wa godoro la sponji ni mweusi na unakaba koo. Saa sita mchana bado ulikuwa unanuka hadi maktaba.

Tuliulizwa koili ni ya nani. Kimya. Bweni zima likafyeka nyasi siku tatu. Nami nilifyeka pamoja nao, midomo imefungwa, huku yule jirani yangu aliyelala juu ya mbao kwa ajili yangu akiniazima jiwe la kunolea panga. Siku ya tatu sikuweza tena. Nikaenda kwa mwalimu wa zamu nikasema, "Mwalimu, ni mimi." Nikapewa barua na wiki moja ya kukaa nyumbani.

Nyumbani kwetu ni hapa hapa Witeithie, mwendo wa dakika ishirini kutoka langoni. Ni aibu ya aina yake kufukuzwa shule ukakaa mahali unaposikia kengele yake. Jina Witeithie kwa Kikuyu ni kama kusema jisaidie mwenyewe (wenzetu wa pwani wasicheke, maana yao naijua). Lakini katika ploti yetu kuna jambo moja ambalo huruhusiwi kujisaidia, nalo ni stima. Kodi inajumuisha stima ya taa, redio, televisheni na kuchaji simu. Pasi hapana, koili hapana, jiko la stima ndiyo usitaje. Mwenye ploti akisikia mita inazunguka mbio hupita mlango kwa mlango akinusa. Pale nia ni gharama, wala hafichi. Mama hupiga pasi kwa makaa, na nguo zetu hazina kasoro.

Sasa wiki ile mjomba wangu alikuwa likizoni. Mjomba hufanya kazi ya kutandika vyumba kwenye meli ya kitalii, zile zinazobeba maelfu ya watu kuzungusha visiwa vya Karibea. Mama alimsimulia kisa changu akitaraji anikaripie. Mjomba alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Kijana," akasema, "wewe kwetu ungekamatwa kabla hujapanda ngazi."

Akanieleza. Katika meli nyingi za kitalii abiria haruhusiwi kuingia na pasi, birika la stima, koili, jiko dogo la kupikia, wala mshumaa. Mizigo hupitishwa kwenye mashine, kitu kikionekana huzuiliwa na mwenyewe hurudishiwa safari ikiisha. Hata waya wa kuongezea wenye kifaa cha kuzuia stima inayoruka, ambao sisi huku tungeusifu kwa usalama, huko umepigwa marufuku. Niliuliza kwa nini, maana hilo lilinishinda. Alisema nyumbani mmoja wa nyaya za stima umefungwa na ardhi, lakini melini kwa kawaida nyaya haziunganishwi na mwili wa chuma wa meli, na kile kifaa kilichotengenezewa nyumba kinaweza kupata moto kikiwa melini. Chombo kimoja, nyumbani ni mlinzi, baharini ni mchomaji.

Hapo mama akamkumbusha birika. Likizo yake ya kwanza mjomba alituletea birika zuri kutoka Miami, linang'aa kama kioo. Alilichomeka mbele ya majirani wote. Lilivuma kama ndege, likatoa cheche, na ploti nzima ikaingia giza. Birika lilikuwa la volti 120! Mliomo Kidato cha Tatu mnaweza kulipiga hesabu: ukizidisha volti mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Birika la wati 1,500 kule, hapa linataka kuwa la wati 6,000. Mwenye ploti hajalisahau hadi leo.

Lakini mjomba hakuishia kwenye kicheko. Akanyamaza kidogo, akasema melini hawaogopi bili. Wanaogopa moto, kwa sababu baharini hakuna mahali pa kukimbilia. Alitaja meli ya Achille Lauro, ambayo iliwaka moto nje ya pwani ya Somalia mwishoni mwa Novemba 1994, ikielekea Ushelisheli. Watu karibu elfu moja walilazimika kuiacha, wengi kwa mashua za kuokolea, na baada ya siku mbili ikazama. Sisemi ilichomwa na pasi ya abiria, wala mjomba hakusema hivyo. Alichotaka nielewe ni jinsi moto unavyokuwa mkubwa mahali palipofungwa.

Na hapa ndipo nilipoanza kuona tofauti. Melini wanakataza, kisha wanaeleza, kisha wanatoa njia nyingine. Katika meli nyingine kuna chumba cha kufulia chenye pasi, mtu anapiga nguo zake pale mbele ya macho ya watu. Chai ipo mchana na usiku. Abiria ananyang'anywa birika lakini hanyang'anywi chai. Tena kuna zoezi la dharura: kengele inalia, kila mtu anaonyeshwa pa kukusanyika na jinsi ya kuvaa jaketi la kuokolea. Baada ya meli ya Costa Concordia kugonga mwamba Italia Januari 2012 na watu 32 kufa, sheria ya kimataifa ilibadilishwa, na tangu mwaka 2015 zoezi hilo hufanywa kabla meli haijang'oa nanga au mara tu inapoondoka.

Mjomba akaniuliza, "Nyinyi bwenini mmefanya zoezi mara ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nimekaa bwenini miaka mitatu.

Wapo wenzangu watakaonichukia kwa nitakalosema, lakini litoke: kanuni ya bweni ni ya haki na ibaki. Msinihesabu upande wa wanaodai kila mtu aje na koili yake. Nimeliona lile tundu la godoro. Wanaosema "tuwe waangalifu tu" wajue kuwa mimi nilikuwa mwangalifu kwa miezi saba, na siku moja stima ikapotea.

Ila ni nusu ya kanuni. Walimu wangu mniwie radhi, nasema kwa heshima. Chumba cha viranja kina soketi mbili na birika, na sisi tunalijua hilo kwa sababu chai yao inanukia. Kanuni ya moto haiwezi kujua nani ni kiranja. Halafu jikoni kwetu kuna sufuria kubwa inayochemka tangu saa kumi usiku kwa ajili ya chai na uji. Je, haiwezekani kila bweni likapewa pipa moja la maji moto asubuhi za Juni na Julai, wagonjwa wakianza? Na chumba kimoja, hata ile stoo ya viti vilivyovunjika, kikawekwa pasi mbili na meza, kikafunguliwa Jumamosi mchana mwalimu wa zamu akiwapo? Najua jibu: mtaziiba, mtaziharibu. Huenda. Lakini pasi ikiharibikia stoo tumepoteza pasi. Leo ziko chini ya magodoro, na anayezichunga ni usingizi.

Tena tusijidanganye kuwa koili ndiyo hatari pekee. Machi 2001 huko Kyanguli, Machakos, wavulana 67 waliangamia bwenini. Moto ule haukutokana na stima, ulitiwa kwa makusudi. Lakini waliokuwa ndani walikuta mlango mmoja umefungwa na madirisha yana vyuma. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni: mlango wa bweni uwe na upana wa futi tano na ufunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, kati ya kitanda na kitanda kuwe na nafasi ya angalau mita 1.2. Septemba 2024 tukasikia habari za Hillside Endarasha kule Nyeri, watoto 21. Wengine walikuwa wadogo kuliko ndugu yangu wa darasa la sita. Siku ile redio ikizungumza mama aliizima, akaenda kukaa nje.

Nimerudi shuleni. Koili yangu iko kwenye kabati la ofisi, nami sijaiulizia. Jirani yangu ana godoro jipya ambalo baba yangu alilinunua, na yule mama wa kufagia nilikwenda kumwomba msamaha. Alinionyesha mkono, akasema umepona, akaniambia nipishe amalizie deki.

Mjomba naye amerudi kazini. Kabla hajaondoka aliniachia kazi moja, nipime. Basi Jumapili iliyopita, wenzangu wakiwa uwanjani, nilifumba macho nikiwa kitandani kwangu, nikashuka, nikapapasa hadi mlangoni kama mtu aliye ndani ya moshi. Kati ya vitanda nilipita ubavu ubavu. Nilijigonga kwenye masanduku mara nne. Nilihesabu hatua thelathini na moja. Nilipoufikia mlango niliusukuma, haukwenda. Unafunguka kwa ndani.