Tunadai uwazi, je kompyuta zetu?

Vijana wenzangu, juzi nilipeleka flashi steshenari hapa Ujiji kuprinti orodha ya wanachama wa tawi. Nilivyoirudisha kwenye kompyuta ya nyumbani, mafaili yote yamegeuka shotikati, na virusi vikahamia kwenye mashine. Lawama ni zangu. Windows yangu ilikuwa ya kukraki, antivairasi niliizima mwenyewe ili kraki ikubali. Na hapo nasoma sheria, kutwa nzima nahubiri utawala wa sheria!

Tuambiane ukweli, wengi wetu tuko hivyo hivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kwenye orodha ile kuna majina na namba za simu za watu waliotuamini, wengine wakijulikana wanaweza kukosa kazi. Tunaweka amana yao kwenye mashine ambayo mlango wake aliufungua mtu tusiyemjua.

Kwa hiyo nimeweka Linux Mint, na ni bure kihalali. Utaratibu ni huu. Kwanza nakili mafaili yako pembeni, usiruke hatua hii. Pakua Mint kwa bando la usiku, ni kama GB 3, toka tovuti yao wenyewe. Iandike kwenye flashi tupu kwa Rufus au balenaEtcher. Chaji betri ijae, umeme wetu mnaujua. Washa kompyuta ukibonyeza F12, F2 au Esc, inategemea mashine, uchague flashi. Mint itawaka bila kugusa diski. Jaribu waifai, sauti na printa. Ukiridhika, ndipo usakinishe: ama kando ya Windows, ama kwa kufuta kila kitu. Ukichagua kufuta, chagua pia diski ifungwe kwa nywila, ili laptop ikiibiwa orodha isisomeke. Nywila hiyo usiisahau, maana hata wewe hutaingia.

Sidanganyi mtu: kuna printa zitasumbua, na baadhi ya programu za Windows hazitafanya kazi. Ila barua, mihtasari na hesabu za tawi LibreOffice inazimudu. Laptop ya zamani yenye RAM ya GB 4 inatosha.

Lakini kilichonigusa zaidi ni leseni. Kiini cha Linux, alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, kiko chini ya leseni ya GPL: una haki ya kutumia, kuchunguza, kubadili na kugawa, na ukigawa ulichobadili lazima umpe mwenzako haki zile zile. Msimbo ukiwa wazi hungoji ruhusa ya mtu. Ndiyo maana mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliweza kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili.

Sasa linganisheni na yaliyotukuta sisi. Mwaka 2016 Manispaa ya Kigoma Ujiji, baraza likiongozwa na chama chetu, iliingia kwenye Mpango wa Uendeshaji wa Shughuli za Serikali kwa Uwazi, OGP. Mwaka 2017 Serikali Kuu ikajitoa, na Ujiji ikatolewa nayo. Mwananchi wa Mwanga au Kibirizi hakuulizwa. Uwazi wetu ulikuwa hisani, ufunguo uko kwa mwingine, akiamua anafunga.

Ndiyo maana tunadai uwazi uandikwe kwenye Katiba na sheria, uwe haki asiyoweza kuizima mkubwa mmoja. Tukidai hivyo, tuanze na kilicho mikononi mwetu. Kila tawi lichague kompyuta moja, ile yenye orodha ya wanachama, iwe ya kwanza. Mwenye flashi yenye Mint ampe jirani, leseni inaruhusu.