Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kuhusu Likizo ya Pwani ya Dalmatia



Zimetufikia mara kadhaa ratiba za likizo kutoka kwa waamini wenzetu, hasa wale wenye watoto au ndugu wanaoishi Ulaya, wakiomba maoni yetu kuhusu safari ya pwani ya Dalmatia nchini Kroatia. Ni pwani nzuri kweli. Bahari ya Adriatiki, ambayo ni mkono wa Bahari ya Mediterania, ina upande huo visiwa zaidi ya 1,000 ukihesabu na vijisiwa na miamba, ingawa vyenye wakazi wa kudumu ni kama 50 tu. Na bara yake imejaa miji ya kale yenye kuta, minara na makanisa ya mawe. Lakini ratiba hizo karibu zote zina ugonjwa mmoja: Split, Trogir, Šibenik, Hvar, Korčula na Dubrovnik, vyote katika siku nane. Sisi twasema wazi kwamba ratiba ya namna hiyo haifai.

Siyo kwamba likizo yenyewe ni anasa. Katika Injili ya Marko, sura ya 6, Bwana mwenyewe anawaita mitume waliochoka wajitenge kidogo na umati, wapate kupumzika. Mtu anayetoka kazini akiwa hoi, kisha akashika mbio za kufungua na kufunga sanduku kila jioni, hajajitenga na chochote. Amebadilisha umati tu.

Tutazame mji wa Split. Kaisari Diocletian, mzaliwa wa sehemu hizo, alianzisha mwaka 303 dhuluma kubwa dhidi ya Wakristo katika dola zima la Kirumi. Mwaka 304, kadiri ya mapokeo, askofu wa mji jirani wa Salona, Mtakatifu Domnius, ambaye wenyeji humwita Duje, alikatwa kichwa kwa ajili ya imani. Mwaka 305 kaisari aliachia madaraka akaenda kuishi katika jumba alilojijengea ufukoni, na humo akaandaliwa kaburi la fahari, jengo la pembe nane. Leo jengo hilo ndilo kanisa kuu, ambalo watu wote huliita kwa jina la yule askofu. Jeneza la kaisari halipo tena. Masalia ya shahidi yanaheshimiwa mle mle. Na jumba lenyewe halikugeuka makumbusho: ndani ya kuta zake kuna familia, maduka, nguo zilizoanikwa madirishani. Mambo hayo hayaingii moyoni kwa dakika arobaini na tano za kumfuata kiongozi mwenye kibendera. Mtalii hukata tiketi kuingia kanisani humo. Anayekwenda kusali Misa halipi kitu, wala hasukumwi na foleni. Twashauri basi siku tatu nzima Split, na nusu siku moja kwa basi hadi Trogir, kuona mlango wa kanisa kuu uliochongwa na fundi Radovan mwaka 1240. Šibenik na Korčula ziachwe kwa safari nyingine.

Dubrovnik ndiko kwenye shida kubwa zaidi. Mji huo ulibomolewa na tetemeko la mwaka 1667 ukajengwa upya; ukapigwa mizinga mwaka 1991 katika vita vya kuvunjika kwa Yugoslavia, ukaezekwa upya. Ndani ya kuta zake, zenye urefu wa karibu kilomita mbili, waliishi mwaka 1991 watu wapatao 5,000. Leo hawafiki 2,000. Nyumba moja baada ya nyingine imekuwa vyumba vya kupangisha wageni, na duka la mboga limekuwa duka la kofia na sumaku za kubandika kwenye friji. Makubaliano ya mwaka 2019 yaliweka kikomo cha meli kubwa mbili za watalii kwa wakati mmoja, jambo jema, lakini hata meli mbili hushusha watu maelfu. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anayeshuka melini saa tatu asubuhi, akapiga picha, akanunua maji na kurudi kula chakula cha jioni melini, amemponya nani?

Tunajua jibu la wengi: fedha za wageni ndizo zinazowalisha watu wa huko. Ni kweli, nasi hatumwambii mtu asiende. Twasema alale huko, hata usiku mbili tu; anunue samaki na matunda sokoni kwa wenyeji; apande ukutani asubuhi na mapema. Mwenye watoto wa shule hana uhuru wa kukwepa Julai na Agosti, na huyo tungemshauri aiache Dubrovnik kabisa, akae kisiwani.

Kwa anayesafiri kutoka kwetu kuna jambo la viza pia. Kroatia iliingia katika eneo la Schengen na kuanza kutumia yuro tarehe 1 Januari 2023. Maombi ya viza hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasicheleweshwe hadi siku kumi na tano za mwisho. Barabara ya zamani ya kwenda Dubrovnik hukatiza kipande cha Bosnia na Herzegovina, pale Neum, maana yake ni kutoka Schengen na kuingia tena. Tangu Julai 2022 kuna daraja la Pelješac linaloepusha mpaka huo, lakini si mabasi yote yanayolipita. Mwenye viza ya kuingia mara moja aulize kabla ya kukata tiketi.

Kama tungepanga sisi, tungechagua kisiwa cha Hvar wakati wa Juma Kuu. Feri ya magari kutoka Split hufika Stari Grad kwa muda wa saa mbili hivi. Usiku wa Alhamisi Kuu, maandamano hutoka kwa wakati mmoja katika parokia sita, kila moja ikimfuata mbeba msalaba wake, aghalabu miguu mitupu. Hutembea kilomita 25 hivi usiku kucha, wakiimba na kupita katika makanisa ya vijiji vingine, hadi kurudi kwao asubuhi ya Ijumaa Kuu. Ibada hiyo ina zaidi ya miaka 500, na UNESCO iliiorodhesha mwaka 2009. Mgeni aweza kufuata nyuma, kimya, kamera ikiwa mfukoni. Lakini majira hayo maji ya bahari bado ni baridi, vivuko ni vichache na hoteli nyingi hazijafunguliwa. Anayetaka kuogelea aende Septemba.