Kutia Moyo Si Kusifu

Wapo watu wazima, tena wenye heshima zao, ambao huinua methali moja kama ngao kila waombwapo neno jema kwa kijana: Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa methali hiyo hukataa kumwambia mwanafunzi anayehema katika mbio za nyika kwamba aweza kufika. Husema kuwa moyo wa mkimbiaji huzaliwa naye. Aliye nao atashinda hata akizomewa, na asiye nao hata akishangiliwa ni bure. Nadai, ewe msomaji kijana, kuwa maneno hayo si ya kweli, na kuwa yanadhuru.

Itazame methali yenyewe. Mgema husifiwa kwa kazi aliyokwisha kuitenda, akadhani kuwa hana la kujifunza tena. Mwenye shaka hayuko hapo kabisa. Yeye hajatenda bado, na anachokosa si sifa. Anakosa mtu wa kumwambia kweli juu ya nguvu zake wakati yeye mwenyewe hawezi kuziona.

Maana shaka ya mkimbiaji si uvivu. Marathoni ni kilometa 42 na mita 195. Baada ya kilometa 30 hivi, akiba ya sukari iliyomo katika misuli na ini huanza kuwapungukia wakimbiaji wengi. Miguu huwa mizito, na akili huanza kuuliza: Nani aliyekutuma? Akili hiyo imechoka pamoja na mwili, kwa hiyo ni shahidi asiyeaminika. Lazima apatikane shahidi wa pili, aliye kando yake, ambaye alimwona mazoezini juzi na jana.

Eliud Kipchoge wa Nandi alikuwa kijana asiyejulikana alipomwendea Patrick Sang, aliyepata medali ya fedha huko Barcelona mwaka 1992 katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, akamwomba ratiba ya mazoezi. Sang hakuwa na la kumsifia. Alimpa ratiba, kijana akaenda akaitenda, akarudi kutaka nyingine. Mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka 18, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mjini Paris. Lakini mwaka 2012 aliikosa nafasi katika timu ya Kenya iliyokwenda kwenye Olimpiki ya London. Hapo wengi wangetundika viatu. Mwaka uliofuata alikimbia Marathoni yake ya kwanza, huko Hamburg, akashinda; na aliyemfundisha alikuwa Sang yule yule.

Kisha ikaja Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019. Kipchoge alimaliza Marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, akizungukwa na wenziwe waliopokezana zamu kumkinga upepo na kumshikia mwendo. Kikosi chao kilikuwa cha watu 41, na baadhi yao walikuwa mabingwa wenye medali zao.

Najua mpinzani wangu ataruka hapa kwa furaha. Atasema kuwa muda huo haukuandikwa kuwa rekodi ya dunia, kwa sababu ya msaada huo huo. Ni kweli, haukuandikwa, na sheria ilifanya haki. Rekodi huwekwa ili kuwalinganisha watu walioshindana kwa masharti mamoja. Lakini na atazame Berlin, mwaka mmoja kabla yake, tarehe 16 Septemba 2018. Pale wenye kuongoza mwendo waliishiwa nguvu, na wa mwisho wao akajitoa kwenye kilometa ya 25. Kilometa 17 zilizosalia Kipchoge alizikimbia bila mwenzi, akaivunja rekodi ya dunia kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 39. Upweke huo aliuweza mtu ambaye kwa miaka mingi alikimbia alfajiri kwa alfajiri huko Kaptagat katikati ya kundi, kilometa 30 leo, 40 juma lijalo. Wanaohubiri kuwa msaada hudhoofisha na watueleze jambo hilo.

Sikatai kuwa hakuna awezaye kukukimbilia. Miguu ni yako. Wala sipendi makelele ya wale wamwambiao kila mtu kuwa yeye ni bingwa. Huo ni uongo, na mkimbiaji huutambua kabla ya kufika kwenye kilima cha kwanza.

Ninalolilaumu ni desturi niionayo katika viwanja vyetu vya shule. Mshindi akiisha kufika, kamba hufunguliwa, meza ya zawadi huzungukwa, na walimu (ndiyo, hata sisi) huanza kutazama saa ya chakula. Msichana wa mwisho hutokea kwenye kona akapokewa kwa kicheko. Muhula ujao hatajiandikisha, nasi tutasema hakuzaliwa na moyo.

Wewe uliyefika mapema na kupumzika, rudi nyuma ukamkute. Usimwambie kuwa ana mbio, maana hana, naye ajua. Mwambie kwamba imebaki kona moja na ile mikaratusi, kisha kimbia naye, kwa mwendo wake, hata mfike.